Barua ya wazi kwa wakubwa wa NRL na wamiliki wa Wests Tigers: msituhamishie mbali, msituunganishe tena, tupeni Campbelltown

Kwa Mwenyekiti Peter V'landys na wenzako wa tume inayosimamia raga ya ligi hapa Australia, kwa uongozi mzima wa NRL, yaani ligi kuu yenyewe, na kwa Holman Barnes Group ambao ndo wenye hisa nyingi za klabu yetu, Wests Tigers.

Salamu kwenu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu huku kusini magharibi mwa Sydney, kuanzia Liverpool ukishuka mpaka Campbelltown, tuko familia nyingi tunaokiongea nyumbani, Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya, na watoto wetu wanaucheza huu mchezo wenu kila Jumamosi asubuhi. Nataka na wao waisome pamoja na wazazi wao. Nyie mkitaka kuielewa mtu wa kuwatafsiria hamtamkosa, wamejaa kwenye shule zetu za huku.

Kuna wanaosema klabu yetu ihamishwe mbali au ichanganywe na nyingine. Msimamo wangu nauweka hapa hapa mwanzoni msihangaike kuutafuta. Wests Tigers isipelekwe nje ya Sydney. Isiunganishwe na klabu nyingine kwa mara ya pili. Ihamie Campbelltown yote, yaani ofisi, mazoezi, mechi za nyumbani, timu za vijana, kila kitu, na Leichhardt, uwanja wetu mwingine wa karibu na katikati ya jiji, ibakiziwe mechi mbili tatu kwa mwaka kwa heshima ya watu wa Balmain, moja ya klabu mbili zilizotuzaa. Hiyo ndo hoja yangu na yote yanayofuata ni kuitetea.

Kwa ndugu zangu mnaosoma hii mkiwa mbali na mchezo hamuujui, hii si raga ya akina Kenya Sevens, na si ile ya wachezaji 15. Hii ni ya 13 kila upande. Ukikabwa unaachiwa, unasimama, unausogeza mpira nyuma kwa mguu mchezo unaendelea, na mkishakabwa mara ya sita mpira unakuwa wa wenzenu. Inachezwa haraka na inaumiza kweli kweli. Sydney walianza ligi yao mwaka 1908 na ulikuwa mchezo wa mitaa ya wafanyakazi, watu wa bandarini, wa viwandani, wa reli. Kila mtaa ulikuwa na timu yake na ndo maana mpaka leo kati ya timu 17 za NRL tisa ziko Sydney au zina mguu mmoja Sydney. Hiyo tisa ndo inayowakera watu wengi, kila klabu moja ikiyumba utasikia haya Sydney zimezidi, hiyo ipelekeni kwingine au ichanganyeni na jirani yake.

Na iliyoyumba kuliko zote miaka hii ni yetu. Siwezi kuficha. Mara ya mwisho tumeingia hatua ya mtoano ilikuwa 2011. Tumeshika mkia 2022, tukashika mkia 2023, tukashika mkia 2024, miaka mitatu mfululizo. Mwaka 2022 tulipigwa 72 kwa 6 na Roosters. Mwaka uliofuata tukasafiri mpaka Townsville tukafungwa 74 kwa 0 na Cowboys, wakati wiki chache tu nyuma tulikuwa tumewachapa hao hao 66 kwa 18 pale Leichhardt, sasa niambieni timu ya namna hiyo shabiki wake atalala vipi. Toka kocha Tim Sheens alipoondoka mwisho wa msimu wa 2012 wamepita Mick Potter, Jason Taylor, Ivan Cleary, Michael Maguire, akarudi Sheens mwenyewe, sasa yuko Benji Marshall. Mwaka 2025 tulipumua kidogo tukamaliza wa 13, lakini katikati ya msimu Lachlan Galvin, kijana mdogo tuliyekuwa tunamtegemea kwa miaka kumi ijayo, akaondoka kwenda Bulldogs. Ikafika Desemba 2025 bodi ikavurugana hadharani, mtendaji mkuu Shane Richardson akatoka, na sisi tuliokuwa tumeshaanza kufikiria kununua tiketi za msimu tukabaki tunasoma habari za nani kamfukuza nani.

Kwa hiyo wanaosema hii klabu ni mgonjwa hawajasema uongo. Ninachopinga ni dawa yao.

Tuanze na hii ya kuunganisha, maana Wests Tigers yenyewe imetokana na kuunganishwa. Baada ya vita ya Super League, ligi pinzani, ya miaka ya 1995 mpaka 1997 ligi mbili zilirudi kuwa moja mwaka 1998 zikiwa na timu 20, na ikaamuliwa ifikapo 2000 zibaki 14. Balmain na Western Suburbs, zote zilikuwepo toka 1908, zikaona zikibaki peke yake zitakatwa. Balmain ilikuwa na ubingwa mara 11. Western Suburbs, wale Magpies, walikuwa na mara nne, wa mwisho 1952, na msimu wao wa mwisho peke yao wa 1999 waliburuza mkia na kufungwa pointi 944, nadhani hata wao wenyewe walikuwa wamechoka. Wakasaini. Mechi ya kwanza ya timu mpya mwaka 2000 ilichezwa hapa hapa Campbelltown, sare 24 kwa 24 na Brisbane waliokuwa moto wa kuotea mbali kipindi kile.

Na mwaka 2005 tukachukua ubingwa. Naomba mtu asije kuniambia naidharau ile siku. Benji Marshall akiwa bado kijana kabisa anakimbia toka kwenye eneo lake anawapita watu, halafu anautupa mpira kwa nyuma bila hata kuangalia, Pat Richards anaupokea anakwenda kufunga trai. Tukawashinda Cowboys 30 kwa 16 mbele ya watu zaidi ya 82,000. Kuna watu mpaka leo ile pasi ndo sababu wanaishabikia hii timu.

Lakini ubingwa ule mmoja umewafanya wakubwa waamini kwamba muungano ulifanikiwa, na mimi nasema ule muungano haujawahi kukamilika. Mlichukua timu mbili mkazipa jina moja mkaziacha kila moja na kwao. Leichhardt iko kilomita chache tu toka katikati ya Sydney. Campbelltown iko kama kilomita 50 kusini magharibi. Kituo kipya cha mazoezi kikajengwa Concord, ambako si Leichhardt wala Campbelltown. Mechi za nyumbani zikagawanywa, chache kule, chache huku, nyingine zikapelekwa uwanja mkubwa wa Homebush, nyingine Parramatta kwenye uwanja ambao ni kwa wapinzani wetu, nyingine mpaka Tamworth, na mwaka 2023 "mechi ya nyumbani" moja tukachezea Hamilton, New Zealand, tena dhidi ya Warriors ambao New Zealand ndo kwao! Mshika mbili moja humponyoka, na nyie hapa mmeshika nne tano.

Hii haikuanza na sisi wala haitaishia kwetu. North Sydney Bears walikuwa wahamie Gosford, kaskazini kwenye Central Coast, uwanja ukachelewa, madeni yakawabana, mwisho wakalazimika kuungana na Manly, watu waliokuwa hawapikiki chungu kimoja toka enzi na enzi. Ikaitwa Northern Eagles. Ikagawanya mechi kati ya Brookvale, kwa Manly, na Gosford, watu wa Gosford wakaacha kwenda, na mwaka 2002 katikati ya msimu wakaacha kabisa kucheza kule. Msimu wa 2003 Manly wakarudi kuwa Manly na Bears wakawa wamepotea kwenye ligi kuu. Klabu ya 1908 imemezwa ndani ya miaka mitatu. Sasa mnawarudisha kama Perth Bears mwaka 2027, jezi ni ile ile nyekundu na nyeusi ila nyumba iko upande wa pili wa bara, masaa mengi angani, na mimi nawatakia heri kabisa, ila mzee wa North Sydney aliyekuwa anatembea kwa mguu kwenda uwanjani hilo halijamrudishia kitu.

Na hapo ndo nawajibu wanaosema Tigers ipelekwe Perth au popote kunakotafuta timu. Hizo nafasi mmeshazigawa. Perth inapata ya kwake 2027, Papua New Guinea inapata ya kwake 2028. Tena Perth mlishawahi kuwapa timu, Western Reds ilianza 1995 ikafungwa 1997, kwa hiyo nyie wenyewe mnajua kwamba kuipeleka jezi kwenye mji mpya hakutoshi kama hujapanda watoto wanaoucheza huo mchezo. Sasa huku kwetu watoto wapo tayari. Wamejaa mpaka viwanja havitoshi. Yaani mtoke mahali penye mavuno mwende kulima jangwani, kwa sababu gani?

Nataka pia mkumbuke Newtown, maana wao walitakiwa kuletwa huku huku. Newtown walicheza fainali kuu mwaka 1981, miaka miwili tu baadaye wakawa nje ya ligi, na ule mpango wao wa kuhamia Campbelltown ukafa. Mwaka huo huo wa 1983 Western Suburbs nao walitakiwa waondolewe, wakapambana mpaka mahakamani, mwisho wa yote wakabaki, na mwaka 1987 wakahama toka Lidcombe wakaja Campbelltown. Angalieni hiyo tarehe jamani. 1987. Tangu mwaka huo watu wa huku wanaambiwa hii ndo itakuwa nyumba ya klabu kubwa, eneo linakua, subirini kidogo. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wana watoto wao wanaocheza under 12, na bado kila mwaka ratiba ikitoka tunahesabu Campbelltown imepata mechi ngapi kama watu wanaohesabu makombo.

Balmain nao walihamishwa kwa muda, vijana wa siku hizi wengi hawajui. Mwaka 1995 na 1996 waliitwa Sydney Tigers wakapelekwa kuchezea Parramatta. Ikashindikana, 1997 wakarudi Leichhardt na jina lao. Kwa hiyo hakuna jipya mnaloweza kutuambia kuhusu kuhama, klabu hii mababu zake wote wawili wameshahamishwa, mmoja akabadilishwa jina, mwingine akafika mpaka mahakamani, na somo ni lile lile kwamba mashabiki hawabebeki kwenye lori. Ukitaka ushahidi mwingine nenda kwa South Sydney. Mliwatoa kwenye ligi mwisho wa 1999, mwaka 2000 watu wanaokadiriwa 80,000 wakaandamana katikati ya jiji, kesi ikaenda, 2002 wakarudi, 2014 wakawa mabingwa. Hakuna kampuni ya ushauri ingewaambia mwaka 1999 kwamba hiyo klabu ina thamani ile. Watu ndo walijua.

Sasa kwa nini basi naomba tuhame, hata kama ni kilomita 50 tu? Kwa sababu huku ni kwao tayari. Mimi siombi mpeleke timu kwa wageni, naomba muilete kwa nusu yake ambayo mmeiacha ikisubiri.

Njooni siku ya mechi Campbelltown, msije na gari la kampuni, pandeni treni ya T8 mshuke Leumeah. Ukitoka tu stesheni uwanja uko pale, unavuka barabara. Utaona familia za Kisamoa na Kitonga zimekuja na mabibi na wajukuu na mablanketi, utaona wazee wa kizungu na jezi nyeusi na nyeupe za Magpies zilizopauka kwenye mabega, utaona vijana wetu weusi warefu wamesimama kundi moja wanachanganya Kiswahili na Kiingereza na Kirundi wakibishana nani anafaa kuanza. Harufu ya soseji na vitunguu vinakaangwa. Watoto wanacheza mchezo wao wenyewe kwenye nyasi nyuma ya goli, hawaangalii hata mechi, chupa ya maji ndo mpira. Ikifungwa trai mbele yao wanaacha wote wanapiga kelele halafu wanarudi kwenye chupa. Hayo ni mashabiki wa miaka 50 ijayo, na mnawaona mara tatu nne kwa mwaka basi.

Halafu njooni Jumanne jioni kwenye mazoezi ya klabu za watoto huku mtaani. Angalieni wamevaa jezi gani. Utakuta Penrith, Penrith, Penrith, Parramatta, Souths, Penrith. Ya Tigers moja moja. Mimi hili linaniuma kuliko zile 74 kwa 0, maana kichapo kinasahaulika, ila mtoto wa miaka tisa akishachagua timu umemkosa mpaka anazeeka.

Na hao Penrith ndo ushahidi wangu mkubwa. Wako magharibi, mbali na katikati ya jiji, waliingia kwenye ligi 1967, na kuna miaka mingi walikuwa wanachekwa. Walichofanya ni kukaa kwao. Mji mmoja, uwanja mmoja, mazoezi pale pale, na kila mtoto wa Mount Druitt na St Marys anajua ngazi inaanzia wapi na inaishia wapi. Wakatoka humo Jarome Luai, Brian To'o na wenzao, wakachukua ubingwa minne mfululizo, 2021 mpaka 2024. Kocha wao ni nani? Ivan Cleary, aliyeondoka kwetu mwaka 2018. Na Luai sasa tumemnunua, amekuja kwetu 2025, ni mchezaji mzuri na ninampenda, lakini ona tunavyofanya kazi, tunanunua kwa bei ya juu mazao ya shamba la jirani wakati letu tumeliacha na magugu.

Kwani la kwetu halina rutuba? James Tedesco ni mtoto wa huku, amecheza utotoni Camden. Tulikuwa naye. Aliondoka mwisho wa 2017 akaenda Roosters, akabeba kombe 2018 na 2019, akawa nahodha wa New South Wales na wa Australia. Mchezaji wa namna ile mama yake anaweza kuja uwanjani kwa dakika chache tu, tukamwachia aende. Sisemi angebaki tu kwa sababu ofisi iko Campbelltown, pesa na ushindi vina nguvu zake. Nasema klabu isiyojua kwao ni wapi inamuomba mchezaji abaki wapi hasa?

Nije kwa watu wa Leichhardt maana najua watasoma hii na wataumia. Ndugu zangu, uwanja wenu ni mzuri kuliko viwanja vyote vya Sydney, nasema hivyo mimi wa Campbelltown. Ule mlima wa nyasi, Jumapili saa kumi jioni, umeketi karibu na mstari mpaka unasikia mabega yakigongana, hamna uwanja wa kisasa utakaokupa kile kitu. Siku Leichhardt ikijaa inajaa kweli na kelele zake zinashinda viwanja vya watu 40,000. Mnaweza kunijibu kwamba huko kwenu watu wanakuja wengi na huku kuna siku viti vinabaki wazi, na ni kweli, ila watu hawawezi kujenga mazoea na timu inayokuja kama mgeni, inakaa wiki mbili inapotea mwezi na nusu.

Na tuambiane ukweli wa upande wenu. Klabu ya kijamii ya Balmain pale Rozelle ilifunga milango 2010 na jengo likabaki gofu miaka na miaka. Pesa zikaisha, ndo maana leo upande wa Wests, yaani Holman Barnes Group, una karibu asilimia 90 ya hisa. Mitaa yenu imekuwa ya watu wenye nyumba za mamilioni, familia za wafanyakazi zilizoijenga Balmain zilishahamia huku magharibi kitambo, nyingine ni majirani zangu. Uwanja nao umezeeka, mwaka 2024 uzio wa chuma uliporomoka watoto wa shule wakaanguka, ndo kidogo serikali zikaamka kuahidi hela za ukarabati. Nafurahi utakarabatiwa. Uchezewe mechi chache kila mwaka, tarehe zijulikane, jezi ya chungwa na nyeusi ivaliwe siku hizo, wazee wenu waheshimiwe uwanjani. Tutapanda treni tutakuja kuwajazia. Sisi tumezoea kusafiri.

Holman Barnes Group, nyie hamtoki hapa bila kuambiwa. Fedha zenu ndo zimeiweka hii timu hai, nashukuru, najua zinatoka kwenye klabu za kijamii za Ashfield na kwingine, kwenye vyakula na vinywaji na mashine za kamari. Lakini mwenye hisa asilimia 90 hawezi kuendelea kusema tatizo ni muungano. Mnayo nguvu ya kuamua. Kila mkigombana kwenye bodi ndo mnawapa hoja wale wanaotaka NRL iwanyang'anye leseni waihamishe. Hakuna mtu wa Perth aliyeiharibu Tigers. Na NRL nanyi, mlipokuwa mnatafuta watu wa kwenda Papua New Guinea mlikaa na serikali mkapata mamilioni ya fedha za umma, sasa mbona kwa Macarthur, yaani eneo letu hili la Campbelltown na Camden, hamkai na serikali hiyo hiyo? Uwanja wa ndege mpya wa Western Sydney uko Badgerys Creek, nyumba zinaota kila upande kuanzia Camden mpaka Oran Park, wahandisi na walimu na manesi na madereva wanahamia kila wiki. Wengine ni sisi. Uwanja wa Campbelltown unahitaji paa zaidi, vyoo zaidi, taa bora na maegesho ya kueleweka. Hiyo siyo miujiza, ni bajeti.

Tena mkichelewa kuna wenzenu hawajalala. Macarthur FC wa soka wanacheza kwenye uwanja huo huo, na GWS wa ule mchezo wa mpira wa miguu wa Australia wana pesa na wanazunguka mashuleni magharibi yote. Mtoto wa Kikongo aliyekulia hapa anapenda soka toka tumboni, kwa hiyo raga ya ligi inatakiwa kumfuata na kumshawishi, siyo kukaa Concord ikimsubiri apande treni mbili.

Ninachoomba ni hiki. Mechi zisizopungua nane za nyumbani kwa msimu zichezwe Campbelltown, na zianze msimu ujao, ziandikwe kwenye mkataba wa leseni ili mtendaji mkuu ajaye asije akazibadilisha kwa sababu kuna mji umemlipa. Mazoezi ya timu za vijana, wavulana na wasichana, yawe huku, na timu kubwa ifuate kadiri inavyowezekana, hiyo Concord mtaijua wenyewe mtaifanya nini. Bodi iwe na watu wanaoishi Macarthur, watu wenye majina yanayofanana na ya watoto wanaocheza, wakiwemo Wapasifiki na Waafrika. Na mtoe tamko moja la pamoja, NRL na wamiliki, kwamba mazungumzo ya kuihamisha au kuiunganisha hii klabu yamefungwa kwa miaka kumi. Miaka kumi tu, mtoto wa under 8 afike under 18 akijua timu yake bado ipo.

Najua mtasema mna taratibu na vikao. Basi kikao kimoja mkifanyie huku. Ukumbi tutatafuta, wakalimani wa Kiswahili, Kisamoa na Kiarabu tutawatoa sisi wenyewe bila malipo. Wekeni siku ya kazi, saa moja na nusu usiku, maana wengi wetu shift zinaisha saa kumi na mbili na kuna wanaotoka mpaka mjini. Tarehe mkishaipanga itangazeni mapema, msitume barua pepe siku mbili kabla.

Ni mimi,
Shabiki wa Wests Tigers, Campbelltown